Kabla Vitabu Havijafungiwa Karanga

Ndugu msikilizaji, nawe msomaji unayeyakuta mazungumzo haya gazetini, juma hili nina barua ya kujibu. Imetoka Manyoni, kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha Kiswahili na historia kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwalimu anahama. Mama watoto alishatangulia mbele ya haki, macho yake mwenyewe yamepungua nguvu, na binti yake anayeishi Dar es Salaam amemtaka aende wakakae pamoja katika nyumba ya vyumba viwili. Tatizo ni vitabu. Mwalimu anavyo mia tatu na ushei, na kwa binti hakuna mahali pa kuviweka.

Binti, kwa mapenzi mema kabisa, ameahidi kumnunulia baba yake kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, ambacho watu wengi hukiita Kindle hata kinapokuwa cha kampuni nyingine. Vitabu vyenyewe vigawiwe au viuzwe kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Muuza karanga wa pale stendi ameshafika nyumbani kuulizia bei kwa kilo, maana karatasi ya kitabu hufunga karanga vizuri kuliko ya gazeti. Swali la mwalimu ni moja: "Mwanangu, tununue kifaa kipi?"

Shikamoo Mwalimu. Nitakujibu, lakini niruhusu nianzie mbali kidogo, kwa sababu swali la kifaa kipi ni la mwisho. Liko la kwanza, nalo ni hili: katika vitabu hivyo mia tatu, ni vingapi vinavyoweza kuingia katika kifaa chochote? Sisemi habari ya nafasi. Kwa nafasi vitaingia vyote, na vingine elfu juu yake. Nauliza kama vipo katika hali hiyo ya kielektroniki, mahali popote, vya kununua au vya bure.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu wenye nafasi, na kwamba mkoa kama wetu wa Singida una shida ya maji na bei ya alizeti kabla ya kufika kwenye vitabu vya kielektroniki. Sikubaliani nao. Kila mwaka watumishi wanastaafu, wanahama, wanafariki, na kila mwaka makabati ya vitabu yanavunjwa. Yanapovunjwa siku hizi, kuna mtu anayesema, "Si vyote vipo kwenye mtandao?" Hilo la "vyote vipo" ndilo ninalotaka tulitazame.

Kwanza kifaa chenyewe, kwa faida ya wale ambao hawajakishika. Ni kibao chembamba, kidogo kuliko daftari la shule, na uzito wake unakaribiana na wa riwaya moja nyembamba. Kioo chake si kama cha simu. Simu huwaka, mwanga ukatoka ndani na kukupiga machoni. Kioo cha kifaa hiki kimejaa vifuko vidogo mno, upana wake kama wa unywele, na ndani ya kila kifuko mna majimaji yenye chembe nyeupe na chembe nyeusi. Chembe hizo zimebeba chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipitishwa namna moja, nyeusi hupanda juu na nyeupe hushuka. Ukigeuzwa, nyeupe hupanda. Hivyo ndivyo herufi inavyochorwa, na ikishachorwa hubaki pale pale bila kula umeme mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ujuzi huo ulitoka katika Chuo cha MIT, Marekani, ambako kampuni ya E Ink ilizaliwa mwaka 1997. Sony wa Japani wakatoa kifaa chenye kioo hicho mwaka 2004, na Amazon wakaja na Kindle yao Novemba 2007.

Kwa hiyo ukikaa chini ya mti Manyoni saa saba mchana, jua linapopiga, simu yako hugeuka kioo cha kujitazamia uso, lakini kifaa hiki kinazidi kusomeka, sawasawa na karatasi. Na kwa kuwa kinakula umeme wakati wa kugeuza ukurasa tu, betri yake hukaa majuma kadhaa. Umeme ukikatika siku mbili, wewe unaendelea kusoma. Usiku unawasha vitaa vidogo vilivyofichwa pembezoni, ambavyo humulika juu ya ukurasa na si machoni.

Faida ambayo mwalimu ataipenda kuliko zote, hata hivyo, ni ukubwa wa herufi. Mtu wa miaka sabini ambaye sasa anasoma kwa kioo cha kukuzia anaweza kubonyeza mara mbili na herufi zikawa kubwa kama za kitabu cha darasa la kwanza, na sentensi zikajipanga upya zenyewe. Nimemwona mzee mmoja hapa mjini, fundi cherehani, akirudia kusoma riwaya baada ya miaka sita ya kukaa bila kusoma, kwa sababu hiyo tu. Kama ningeambiwa nitaje sababu moja ya kununua kifaa hiki, ningetaja hiyo na nyingine ningeziacha.

Lakini hapa ndipo penye mtego. Kuna vitabu vya kielektroniki vya namna mbili, na wauzaji hawasemi. Namna ya kwanza ni ile ambayo maneno yako huru, kama maji, nayo hujaza chombo chochote. Faili la namna hiyo mara nyingi huitwa EPUB. Hilo ndilo linaloweza kukuzwa herufi. Namna ya pili ni PDF, ambayo ni ukurasa uliogandishwa jinsi ulivyochapwa, na aghalabu ni picha tu ya ukurasa. Hauwezi kujipanga upya. Ukiukuza, unaanza kuusukuma kushoto na kulia kwa kidole kama mtu anayetafuta sindano.

Hebu tufanye hesabu. Karatasi ya kawaida ya ofisini, A4, ina upana wa sentimeta 21. Kifaa cha inchi sita, ambacho ndicho cha bei nafuu, kina kioo chenye upana wa sentimeta tisa hivi. Ukurasa huo ukibanwa uenee, herufi ya pointi 12 inashuka na kuwa kama ya pointi 5. Hizo ni herufi za maelezo ya chini kabisa kwenye boksi la dawa. Kifaa cha inchi kumi hivi kinafanya vizuri zaidi, pointi 12 inabaki kama 9, lakini bei yake ni mara tatu au nne. Na vitabu vyetu vingi vinavyopatikana kwenye intaneti, vya shule, vya serikali, na vile vinavyorushwa katika makundi ya WhatsApp, ni PDF.

Kwa wanaotaka vitabu vya shule, basi, nasema wasinunue kifaa cha wino kabisa. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na baada ya Sensa ya mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu vilipelekwa kwa walimu. Kishikwambi kina kioo kipana, kina rangi, kinafungua PDF bila taabu. Kwa ramani ya jiografia au mchoro wa moyo wa chura, hicho ndicho chombo. Kinachosha macho na kinakula chaji, ndiyo, lakini mtu hasomi kitabu cha fizikia kitandani hadi saa sita za usiku. Au labda wapo.

Tuje sasa kwenye kabati la mwalimu. Amenitajia baadhi ya vitabu vyake, na ilinichukua jioni mbili kuvitafuta kimoja kimoja. Vya Kiingereza havikunipa kazi. Shakespeare na Dickens wapo bure katika Project Gutenberg, mradi ulioanza Marekani mwaka 1971, na faili zake ni EPUB safi. Chinua Achebe yupo, Ngũgĩ wa Thiong'o yupo, wanauzwa. Biblia na Kurani zipo kwa tafsiri za Kiswahili. Hadithi za watoto kwa Kiswahili zipo bure katika African Storybook, mradi wa Afrika Kusini. Nairobi kuna kampuni ya eKitabu inayouza vitabu vya kielektroniki vya wachapishaji wa kwao.

Halafu nikafika kwenye rafu za Kiswahili za miaka ya sitini, sabini na themanini, na mwendo ukawa wa taratibu. Riwaya za Elvis Musiba na Ben Mtobwa, ambazo vijana wa wakati ule walizisoma kwa zamu mpaka jalada likachanika. Vitabu vya Tanzania Publishing House na vya wachapishaji wa Nairobi waliokwisha kufunga milango. Tafsiri za Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, toleo la kwanza, ambalo mwalimu amelibandika karatasi za masahihisho. Kimoja unakikuta kama PDF iliyopigwa picha kombokombo, kurasa mbili hazipo na kidole cha mpiga picha kinaonekana. Kingine unakuta jina lake tu katika orodha ya maktaba ya ng'ambo.

Na vipo vijitabu ambavyo sikuona mtu yeyote anaviuza katika hali hiyo. Mwalimu ana kijitabu cha Mtu ni Afya cha mwaka 1973. Wanaokumbuka watajua: watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa vikundi vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi, wakasikiliza kipindi na kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ana cha Chakula ni Uhai pia, cha mwaka 1975. Mimi ni mtu wa redio na nakiri nina upendeleo hapa. Hivyo ni nusu ya mazungumzo ambayo nusu yake nyingine ilipita hewani ikaenda zake.

Anacho pia kitabu cha Marguerite Jellicoe juu ya Wahi, hapa hapa Singida, kilichochapwa Nairobi mwaka 1978. Wageni waliofanya utafiti juu ya Wanyaturu wakaandika kitabu kizima si wengi, na ambaye kitabu chake kipo leo katika sebule ya nyumba ya Manyoni ni adimu zaidi.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba kifaa kitambadilishia mwalimu sehemu ya kabati lake, na sehemu hiyo ni ile ambayo hata angeipoteza angeipata tena kesho. Shakespeare hapotei. Kinachoweza kupotea kabisa ndicho kisichoingia kwenye kifaa.

Kuna jambo la pili ambalo binti anapaswa kulijua kabla hajatoa pesa, nalo ni la umiliki. Julai 2009, watu wa Marekani walionunua riwaya mbili za George Orwell kwa ajili ya Kindle waliamka wakakuta hazimo. Kampuni iliyowapatia Amazon vitabu hivyo haikuwa na haki ya kuviuza, na Amazon walipogundua wakavifuta kwa mbali, kutoka kwenye vifaa vilivyokuwa mikononi mwa watu, na kuwarudishia pesa. Mwanafunzi mmoja alikuwa akiandika maelezo yake ya masomo ndani ya kitabu hicho. Maelezo yakabaki yananing'inia bila kitabu. Amazon waliomba radhi na wakaahidi kutorudia kwa namna ile. Moja ya riwaya hizo ilikuwa ile ambayo sisi tunaijua kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, iliyochapwa Nairobi mwaka 1967. Mwalimu anayo. Tangu 1967 hakuna aliyebisha hodi usiku kuja kuichukua rafuni kwa sababu wakubwa wamekosana juu ya haki.

Wala si Amazon peke yao. Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu, na Julai ile vitabu vyote vilivyonunuliwa pale vikaacha kufunguka. Wanunuzi walirudishiwa pesa zao. Na kwa wale waliokuwa wameandika maelezo pembeni ya kurasa, kampuni iliwaongezea dola 25. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Mwalimu ameandika pembeni mwa vitabu vyake kwa penseli tangu ujana wake, tarehe, majina ya wanafunzi waliouliza maswali magumu, mvua zilipochelewa.

Sisemi kwamba kampuni hizi ni wezi. Mkataba umeandikwa, ila hakuna anayeusoma. Unapobonyeza pale pa kununua, mara nyingi unachopewa ni ruhusa ya kusoma, na ruhusa ina masharti. Jimbo la California lilitunga sheria iliyoanza kufanya kazi Januari 2025, inayowataka wauzaji wamwambie mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni. Na Februari 26, 2025 Amazon waliondoa njia ya kushusha kitabu ulichonunua kwenye kompyuta ili ukihamishie kwenye Kindle kwa waya. Kwa leseni nyingi za namna hii huwezi kumwazima jirani kitabu wala kumrithisha mjukuu. Na kabati la mwalimu, kwa maelezo yake, ndilo limekuwa maktaba ya mtaa. Vitabu vyake vingine vimeazimwa na baba, halafu mtoto.

Basi tufike kwenye kifaa kipi, maana mwalimu asije akadhani nimemkimbia.

Kwanza, asinunue chochote bado. Programu za kusomea vitabu zinapatikana bure kwenye simu. Binti aweke moja kwenye simu yake, atie kitabu kimoja cha EPUB, akuze herufi, na baba asome kwa mwezi mmoja. Kioo cha simu kitamchosha, hilo ajue, lakini atagundua kama akili yake inakubali kusoma bila kufungua karatasi. Wapo wasiokubali, na hawana ugonjwa.

Akikubali, achague kwa kutazama vitabu vyake vitatoka wapi. Kama vingi ni vya Kiingereza vya kununua, na ana kadi ya benki au zile kadi pepe za kampuni za simu, Kindle itamfaa. Duka lake ni kubwa na kifaa ni imara. Kama vingi vitakuwa faili anazopata huku na huko, za bure, za Nairobi, za marafiki waandishi, basi Kobo au PocketBook ni rahisi zaidi, kwa sababu hufungua EPUB moja kwa moja. Kindle tangu 2022 inaikubali EPUB, ila lazima uitume kwanza kupitia intaneti ikageuzwe huko, na kwa mtu anayenunua bando la megabaiti kwa siku hilo ni jambo.

Ukubwa, inchi saba kwa macho ya mwalimu. Ya sita itamlazimisha kugeuza ukurasa kila baada ya sentensi nne. Taa iwemo. Tundu la chaji liwe lile la simu za siku hizi, ili waya mmoja utumike nyumba nzima. Rangi asizilipie. Wingi wa nafasi asiulipie pia, kwa sababu riwaya ya maandishi matupu ni kama megabaiti moja, na kifaa cha gigabaiti 16 hataweza kukijaza hata akiishi miaka mia na ishirini.

Bei ni mtihani. Mwaka 2024 Kindle ya chini kabisa iliuzwa Marekani kwa dola 110 hivi, bila usafiri wala kodi. Muuzaji wa hapa ataongeza yake. Uliza bei ya mwisho, ya kitu kilichofika mkononi. Na ukiletewa kilichotumika, kiwashe mbele yake, tazama kama kina michirizi kwenye kioo, na hakikisha akaunti ya mwenyewe wa kwanza imeondolewa, la sivyo umenunua kitabu cha mtu mwingine kilichofungwa kwa kufuli.

Kisha kinunuliwe kasha. Shirika la Worldreader, lililoanza mwaka 2010 kwa kupeleka vifaa hivi katika shule za Ghana na baadaye Kenya, lilikuta kwamba adui mkubwa alikuwa kioo kuvunjika. Baadaye likaelekeza nguvu zake zaidi kwenye simu. Kitabu kikianguka unakiokota, unapangusa vumbi. Hiki kikikaliwa na mjukuu kwenye kochi, habari yake imekwisha, na mafundi wa simu wengi hawana kioo chake.

Jambo moja la kuudhi: ukigusa neno usilolijua, kifaa hukuletea maana kutoka kamusi iliyomo ndani. Kwa Kiingereza ni raha. Kwa Kiswahili mara nyingi hakileti kitu, kwa kuwa kamusi ya Kiswahili haimo. Mwalimu wa Kiswahili hatahitaji, lakini wajukuu zake watahitaji, kwa hiyo ile Kamusi ya 1981 isiende kwa muuza karanga.

Sasa vitabu vyenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwalimu achukue daftari, aandike kila kitabu: jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka. Ni kazi ya siku tatu, na asiifanye peke yake, amwite kijana mmoja wa mtaa mwenye mwandiko mzuri. Kisha atenge.

Vinavyopatikana popote, vya Kiingereza, na vya kiada ambavyo mitaala yake imepita, viende. Atoe kwa shule aliyofundisha kama wanavitaka, lakini aulize kwanza. Shule nyingi zinapewa maboksi ya vitabu visivyohitajika zikaona haya kukataa.

Vile adimu, vya hapa Singida na vijitabu vya kampeni, aandike barua kwa maktaba ya mkoa, au kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kuna sehemu maalumu ya vitabu vya Afrika Mashariki. Atume orodha kwanza, asitume vitabu. Wakijibu kwamba wanavyo tayari, atakuwa huru navyo. Wakijibu kwamba hawana, kitabu kitakuwa kimepata nyumba ambayo haihami.

Wengine wanauliza: kwa nini asivipige picha kwa simu vyote akavitia kwenye kifaa? Kwa kijitabu cha kurasa thelathini, sawa. Kwa riwaya ya kurasa mia mbili ni kazi ya siku nzima, na kinachopatikana ni picha, ile PDF tuliyoisema, isiyokuzwa herufi. Kuzigeuza picha kuwa maandishi kunawezekana kwa kompyuta, lakini karatasi ya zamani iliyofifia hutoa makosa kila mstari. Halafu kuna sheria. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na kitabu kuacha kuchapwa hakumwondolei mwandishi haki yake. Akitaka kunakili kitabu kizima, awaulize COSOTA kwanza. Na kukitupa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili ni kumwibia mwandishi, ambaye mara nyingi bado yupo, yuko Tandika au Morogoro, anauza nakala zake kwa mkono.

Vinavyobaki ni vile asivyoweza kuachana navyo. Kwa mtu mwenye vitabu mia tatu nadhani havitazidi hamsini: vyenye maandishi yake pembeni, vyenye saini, na vile vya Kiswahili ambavyo maktaba haikuvitaka na duka halina. Hamsini ni sanduku moja la bati, kilo kumi na mbili au kumi na tatu, linaloingia chini ya kitanda katika nyumba yoyote ya vyumba viwili. Bati ni kwa sababu ya mchwa. Sisi wa Singida tunawajua. Wanapanda ukutani usiku kwa kibomba cha udongo, wanaingia nyuma ya kabati, na unapokuja kushtuka jalada lipo na ndani hamna kitu. Dar es Salaam adui atakuwa unyevunyevu, ambao hapa kwetu hatuujui sana. Vitabu vikaushwe kivulini kabla ya kufungwa, visianikwe juani maana gundi hukatika. Sanduku lisikae sakafuni, liwekewe matofali mawili chini, na lifunguliwe kila baada ya miezi michache vitabu vipate hewa.

Safari ni kama kilomita 600 kwa basi. Jina la mwalimu na namba ya simu ya binti viandikwe kwa rangi juu ya mfuniko, sanduku lipande basi lile lile analopanda yeye, na risiti ya mzigo akae nayo mfukoni mpaka ateremke.